Sigara ya Juu ya Boriti

Mume wangu Joab Kipkurui hajui kudanganya, na hilo ndilo lililonifanya nimshuku. Mtu akikuambia kila kitu, unaanza kujiuliza maneno yote hayo yanafunika nini. Ng'ombe wetu akivuka ua na kula nyasi ya jirani, Joab huenda kwa jirani alfajiri, kabla mwenye nyasi hajafika shambani, akavua kofia na kumshtaki ng'ombe wake mwenyewe. Mizani ya majani chai ikisimama vibaya kwa faida yetu, yeye ndiye humwita karani arudie kupima. Nimeishi na mtu wa namna hiyo tangu mwaka wa 1971, hapa karibu na Sosiot, na si kazi rahisi.

Kuvuta sigara alijifunza ujanani, kwenye kiwanda alikokuwa akitia kuni katika boila. Aliponioa alikuwa akimaliza pakiti nzima kwa siku. Nilimkataza kuvutia ndani ya nyumba, kwa hiyo akawa anavutia bandani wakati wa kukamua. Pakiti aliiweka juu, kwenye mwanya ulio kati ya boriti na mabati, mahali ambapo mkono wangu haufiki mpaka nipande stuli. Kisha mwaka wa 1979 binti yetu Tecla, akiwa na miaka mitano, alishikwa na kifua tukalazwa naye hospitalini siku tisa. Daktari aliuliza ni nani anayevuta nyumbani. Tuliporudi Joab aliingia bandani, akaishusha ile pakiti, akaikanyagia kwenye samadi, halafu akamwambia mtoto, kama anavyoambiwa mtu mzima, kwamba hatavuta tena. Baadaye mimi na Joab tuliokoka, na kanisani wakasema Mungu ndiye aliyemwachisha. Mimi nilijua kilichomwachisha ni kile kifua.

Hakuvuta miaka kumi na saba. Tecla alikua, akasomea ualimu, akapata shule upande wa Ndanai. Mwezi wa Agosti 1996 wazee wa kijana wake walikuja kwetu kumposa, mambo yakakubaliwa, harusi ikapangwa Jumamosi ya tarehe kumi na nne Desemba. Wiki hiyo hiyo ya posa, tukiwa tunakunywa chai ya asubuhi, Joab aliweka kikombe chini akasema ameota anavuta.

Ndoto yenyewe alinieleza yote, maana hajui kueleza nusu. Yuko bandani anakamua. Anainua mkono kwenye ule mwanya wa juu, anakuta sigara moja iliyobaki, anaiwasha kwa kaa la moto kutoka jikoni. Anavuta mara mbili, tatu, na utamu wake unamfikia mpaka magotini. Kisha anamwona Tecla anakuja kwenye kijia, mdogo kama alivyokuwa wakati ule, anakohoa. Alisema ameamka na ile ladha bado iko mdomoni.

Nilimuuliza mtu anaotaje kitu ambacho hajakigusa kwa miaka kumi na saba. Akasema hajui. Sasa naona kwamba mwongo angekuwa na jibu tayari, lakini siku hiyo niliwaza tu kwamba nimemshika.

Ndoto ilirudi. Kufikia Septemba ilikuwa inakuja mara mbili kwa wiki, na kila ikija ananiambia, uso umemshuka kama mtu aliyefiwa. Mimi nikaanza kunusa. Pua yangu haichezewi. Kila mwanamke wa huku anayetengeneza mursik, maziwa yetu ya mgando, huchoma kijiti cha mti wa senetwet na kupaka masizi yake ndani ya kibuyu kabla ya kumimina maziwa, na ukishafanya kazi hiyo miaka ishirini na tano unajua moshi wa kila mti kwa jina. Nilinusa koti lake la mvua, nikanusa kofia, nikanusa mto wa kitanda. Nilipata moshi wa jikoni, nikapata ng'ombe, nikapata jasho la kuchuma chai. Sigara sikuipata. Badala ya kuiamini pua yangu, nikajiambia amekuwa mjanja.

Nilianza kumhesabia hatua. Akichelewa kurudi kutoka kupeleka maziwa, namuuliza amesimama na nani. Akienda chooni na gazeti, nanyemelea nyuma ya migomba kama polisi. Jioni nilikuwa nikimkaribia kumpa chakula na kuvuta hewa karibu na mdomo wake, naye akadhani ni mapenzi yamerudi, akafurahi. Naona aibu kuisema hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliogopa. Tecla alikuwa anaolewa, watu wote wa kanisa wangekuja, na kanisa letu halina mchezo na tumbaku. Baba akipatikana na sigara, anawekwa kwenye benchi la nyuma miezi mitatu, na mtu wa benchi la nyuma hasimami mbele kumtoa bintiye. Nilitaka nijue mapema, nisije nikashtukizwa mbele ya wakwe.

Ndipo nikapata ile akili yangu mbaya. Mwishoni mwa Oktoba nilikwenda kwenye kibanda cha Yunia, mke wa Obonyo wa kiwandani, watu waliotoka upande wa ziwa wakakaa hapa mpaka watoto wao wanaongea Kipsigis kuliko wangu. Niliomba chumvi, kisha nikaomba sigara moja. Yunia alinitazama.

"Ni ya mzee?" akauliza.

Nikasema, "Mm," nikaondoka haraka.

Nyumbani nilipanda stuli, nikaiweka ile sigara mahali pale pale pa ndoto. Niliona hesabu yangu ni safi. Kama Joab havuti, hatainua mkono pale hata siku moja, na sigara itakaa. Kama anavuta, itatoweka. Kila asubuhi akishaondoka na maziwa, nilikuwa napanda stuli kuangalia. Wiki ya kwanza ilikuwepo. Wiki ya pili ilikuwepo, imepinda kidogo kwa ukungu. Nilipaswa kufurahi, lakini nilikuwa nakasirika, kama mtu aliyetega panya na panya hataki kuja.

Ijumaa moja ya Novemba nikapapasa, nikakuta vumbi.

Nilifurahi kwanza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba kabla ya hasira na kabla ya huzuni nilisikia raha ya kuwa sikukosea. Nilingoja anitajie mwenyewe. Mchana akachuma mistari miwili ya chai bila kusema neno, yeye ambaye husema hata na majani. Wakati wa chakula nikamuuliza kama ana jambo la kuniambia. Alitazama mikono yake.

"Iko jambo," alisema. "Lakini acha niseme kanisani kwanza."

Katika ndoa yetu yote hajawahi kuniweka wa pili. Nililala nimempa mgongo.

Jumapili Tecla alikuwa amekuja kutoka Ndanai, maana ndoa yake ilikuwa inatangazwa mara ya pili. Kanisani kwetu kabla ya mahubiri kuna nafasi ya ushuhuda, na mwenye lake husimama. Joab alisimama. Alitoa leso mfukoni, akaifungua, na ndani yake kulikuwa na ile sigara yangu, nzima, haijaguswa na moto.

"Ndugu zangu, nimekuwa nikiota navuta," alisema. "Nilifikiri ni ndoto tu. Alhamisi nikainua mkono mahali nainuanga kwa ndoto, nijihakikishie hakuna kitu. Nikapata hii. Hakuna mtu mwingine anafika hapo juu. Kwa hivyo hiyo si ndoto. Mimi naamka usiku navuta, na sijui."

Nilikuwa upande wa akina mama, mstari wa pili. Nilielewa yote mara moja. Mtu yule alikuwa ameenda kutafuta ushahidi kwamba yeye ni safi, na mimi nilikuwa nimemwekea ushahidi kwamba ni mchafu, mahali ambapo ndoto ilikuwa imemwonyesha kwa mkono wake mwenyewe.

Mzee Kipchirchir, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, aliuliza kama kuna mtu mwenye neno. Nilikuwa nalo. Lakini nilikuwa pia katibu wa chama cha akina mama, na niliona macho yote yale, nikaona vile yatakavyogeuka, nikabaki nimekaa. Wakampa miezi mitatu ya benchi la nyuma, wakaamua mdogo wake Nicholas ndiye atakayemtoa Tecla.

Nyumbani Tecla alimkalia karibu na kumuuliza taratibu, "Baba, ni kweli?"

"Sijui, Tecla," akasema. "Sasa hata mimi sijiamini."

Jioni hiyo aliniletea kiberiti cha jikoni, akaniomba nikifiche kila tukienda kulala na nisimwambie ni wapi. Akaniomba pia nifunge mlango na ufunguo niulalie. Nikafunga. Nilimwangalia akilala ameshika mikono yake pamoja kifuani, kama anayeilinda isitoke, na bado sikusema. Wiki nzima nilipokea kile kiberiti kutoka mkononi mwake.

Kilichonisemesha ni mdomo wa Yunia. Simlaumu, alisema alichokiona. Habari za Joab zilipofika kibandani, akasema haoni ajabu, kwa kuwa mke wake mwenyewe ndiye anayemnunulia. Jumamosi Mzee Kipchirchir akafika kwetu, akakaribishwa kiti, akapewa mursik, akasafisha koo.

"Mama Tecla, kuna maneno," akasema. "Watu wanasema hiyo sigara ni wewe ulinunua."

Kabla sijafungua mdomo, Joab akajibu. Hakupandisha sauti.

"Huyo hawezi, mzee. Weka makosa yote kwangu. Mama Tecla ananichunga hata usiku, uliza yeye kiberiti iko wapi."

Hapo ndipo niliposhindwa. Angenishuku hata kidogo, labda ningenyamaza mpaka nife. Nikawaambia wote wawili kwamba nilinunua, moja, kwa Yunia, nikapanda stuli nikaiweka mwenyewe nione kama atachukua. Mzee Kipchirchir aliweka kikombe chini. Nilingoja ukali wa Joab, nilikuwa nautaka.

"Kwa hivyo mimi sikuvuta," akasema.

Nikamwambia hakuvuta.

"Hata mara moja?"

Nikamwambia hata mara moja. Aliinuka, akatoka nje, na nikamsikia akimwita Tecla, aliyekuja tena kwa tangazo la tatu la ndoa, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Agosti. Aliporudi ndani hakunisemesha. Wala kesho yake, wala siku nne baada ya hapo. Mtu anayesema na majani ya chai alikosa la kuniambia, na nyumba ikawa kubwa na baridi. Siku ya tano aliniomba chumvi. Nililia nikiwa nimeshika mkebe wa chumvi, naye akanywa uji wake polepole mpaka nikamaliza.

Wazee walikaa tena. Joab walimwondolea adhabu. Mimi niliyaeleza yote mbele ya watu, nikisimama pale pale alipokuwa amesimama, na nikapewa ile miezi mitatu, kwa kununua tumbaku na kwa kunyamaza. Nafasi ya katibu alipewa Chepkurui, mama ambaye hajui hata kuandika haraka. Pasta alisikitika, akasema harusi inakaribia na mama wa bibi harusi ni mama. Lakini adhabu ni adhabu, na sikuomba ipunguzwe.

Kwa hiyo tarehe kumi na nne Desemba binti yangu aliolewa na mimi niko kwenye benchi la nyuma, peke yangu, na gauni jipya la kijani nililolishonesha kwa ajili ya mstari wa mbele. Benchi hilo liko mlangoni kabisa. Faida yake ni moja tu, wanaoingia wanapita karibu nawe kabla ya mtu mwingine yeyote kuwaona.

Asubuhi hiyo Joab alikuwa ameniambia, akivaa viatu, kwamba ameota tena. Alikuwa bandani, akavuta, ilikuwa tamu. Aliniambia kama anavyosema mvua imenyesha, nikamjibu sawa, nikamfunga tai.

Walipoingia, watu wakasimama na kuimba. Tecla alikuwa ameshika mkono wa baba yake. Walipofika usawa wa benchi langu, mbali kwa shubiri mbili tu, nilinusa. Sikuamua kunusa. Pua yangu ilikwenda yenyewe, kama mkono wake ulivyokuwa ukienda juu ya boriti ndotoni, na Joab akageuza kichwa akaniona nikinusa.

Nilitaka kuingia chini ya benchi. Yeye alipunguza mwendo, akakunjua ule mkono mwingine ambao Tecla hakuushika, akausogeza mpaka mbele ya uso wangu, mkono wa koti na kiganja kikiwa wazi, ili ninuse vizuri. Ulikuwa na moshi wa senetwet wa jikoni kwangu, na sabuni. Kisha akaendelea mbele na binti yake.