Dirisha la Bi Mashavu

Katika nyumba zile za mawe za mtaa wa Malindi, huku Visiwani, wanawake wa nyumba mbili zilizopakana walikuwa na kidirisha chao juu ghorofani, kimetobolewa ukutani, pazia huku na pazia kule. Mtu hagusi pazia la mwenzake. Unagonga ubao mara mbili, unajibiwa mara tatu, ndipo unasema, tena kwa kunong'ona, maana chini barazani wapo wanaume. Bi Biasha na Bi Mashavu walilea watoto wao kwa kidirisha hicho. Chumvi ilipita hapo, na siri za nyumbani, na mizaha juu ya waume zao.

Mwaka wa sitini na saba Biasha alikwenda shamba, kijiji cha Kizimbani, kumlea bintiye aliyejifungua, akakaa mpaka arobaini ikatimia. Aliporudi mjini, kichwani alikuwa na jambo moja tu. Mwanawe Matar alitaka kuvuka kwenda Mombasa bila ruhusa, na siku hizo aliyekamatwa akivuka alifungwa. Mjomba wake Mashavu, Mtumbatu mwenye mashua, alishakubali kumchukua. Ilibaki kumpelekea habari.

Hakuvua hata buibui. Akagonga mara mbili. Akajibiwa mara tatu.

"Matar yuko Mkokotoni, nyumbani kwa Kificho," akanong'ona. "Mwambie mjombako amchukue kesho alfajiri."

Nyuma ya pazia mnong'ono ukajibu, "Haya, nshasikia."

Biasha akamshukuru Mungu, akenda zake jikoni.

Baada ya siku mbili, sokoni Darajani, mtu akamshika bega. Alikuwa Mashavu, kapu mkononi, anacheka.

"Shoga, umerudi lini shamba? Nikadhani ushaolewa na mkarafuu."

Akamweleza kuwa nyumba yao ilichukuliwa, wao wamehamia Jang'ombe. Pale sasa anakaa bwana mmoja wa serikali na mkewe, mtoto wa mji huu huu. Biasha akaukumbuka mnong'ono wa juzi. Kugonga kule kila mwanamke wa mtaani alikujua, na mnong'ono wa huyu na wa yule ni mmoja. Hakuuliza, "Nani?" Miaka yote hakuwahi kuwa na haja ya kuuliza.

Matar alikuwa keshakamatwa pwani.

Biasha alikiziba kidirisha kwa mawe na chokaa. Alipomtembelea Mashavu walijaribu kuzungumza kama zamani, lakini kuta za udongo za Jang'ombe zilipitisha kila neno kwa jirani, wakaishia kusema habari za foleni ya mchele.

Matar aliachiwa, akarudi amekonda, mpole mno. Hakumuuliza mama yake lolote. Asubuhi moja kitanda chake kilikutwa kimetandikwa, mwenyewe hayupo. Ukapita mwezi mzima ndipo baharia mmoja akaja na salamu: Matar yuko Mombasa, mzima.

"Hakuacha neno kwangu kabla ya kuondoka?" Biasha akauliza.

Baharia akatazama chini. "Alisema usiambiwe mpaka afike, Bi Biasha."

Biasha akamtilia chai, na hakuuliza tena.