Mkaguzi Hakungoja Mavuno

Siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa mhasibu wa klabu ya mpira hapa Eldoret, nilimuuliza Mwenyekiti wachezaji hulipwa tarehe gani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mvua itanyesha saa ngapi.

"Mahindi ikishauzwa, Mama, tunalipa. Hawa vijana wanajua."

Walijua kweli. Mwenyekiti alikuwa mkulima wa Chepsaita, na klabu aliiendesha kwa kalenda ya shamba. Wachezaji walipewa unga, maziwa na pesa kidogo ya matumizi, kisha mishahara yote ikalipwa mavuno yakishauzwa. Nyinyi mnaosomea uhasibu kule chuoni Kesses mtacheka, lakini kwa mpango huo tuliwatoa kijasho matajiri wa Nairobi. Hakumdhulumu mtu. Shida ni kwamba mwenye nyumba hangoji mavuno, na kipa wetu aliwahi kufungiwa mlango.

Ndipo ikaja leseni ya klabu, yaani ruhusa ya kucheza ligi kuu. Ilitaka mishahara ipitie benki kila mwezi, pasiwe na malimbikizo, yaani mishahara iliyopita tarehe bila kulipwa. Mkaguzi wa leseni alitufikia mahindi yakiwa bado mabichi.

"Mzee, mkikaa hivi mpaka deadline, mnashushwa daraja."

"Si nichukue loan?"

"Kwa security gani? Klabu haina hata kiti."

Hati ya shamba la Mwenyekiti ilikuwa benki tayari, kwa ajili ya mbolea. Nilimwonea huruma sana, ingawa nilijua mkaguzi hakukosea.

Tulikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza: Wafula, mshambuliaji wetu. Klabu moja ya Nairobi ilikuwa ikimtaka tangu zamani.

"Mama, na nikikataa kuenda?" aliniuliza.

"Ukikataa, tunashuka sote."

Akaenda. Tukalipa malimbikizo, leseni ikatoka. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, aliyekuwa akitukwepa miaka yote, akaja mwenyewe. "Sasa naona pesa yangu itaenda wapi," alisema, akaanza kudhamini mishahara. Kwa hiyo msiniambie kanuni ni mbaya. Ila wao wa Nairobi waliitimiza bila kumuuza mfungaji wao, kisha wakamnunua wetu. Mwenye nacho huongezewa, na hilo linaniuma hata leo nikiwa nimestaafu.

Mechi yangu ya mwisho kazini ilikuwa dhidi yao. Wafula alitufunga mawili, na hakushangilia hata moja. Niliketi na Mwenyekiti jukwaani mpaka watu wakaisha.

"Mshahara ya vijana imeingia?" aliniuliza.

"Imeingia, Mzee."

"Hata ya kipa?"

"Hata ya kipa."

Akavaa kofia yake, akasimama. "Basi leo tumefungwa tu," alisema. "Hatudaiwi."