Mama ameufungua utando wa Neema

Mama yangu amefungua pakiti iliyotakiwa kufunguliwa ndani ya chumba cha upasuaji tu.

Mdogo wangu Neema anapasuliwa leo hapa Dodoma. Upasuaji wa kwanza ulimwachia makovu, utumbo ukagandana, chakula hakipiti. Daktari akasema tutafute utando mwembamba kama karatasi. Unalazwa katikati ya viungo ili visishikane tena, halafu unayeyuka wenyewe mwilini.

Hapa tumeukosa. Nikauagiza Dar, ukaja na basi.

Asubuhi nikamwachia Mama pakiti, nikaenda kutoa damu.

Narudi, namkuta mchungaji wetu kutoka Haneti ameushika mkononi. Mikono ina jasho na mafuta ya maombi. Utando umemnata vidoleni.

"Nilitaka auombee wenyewe, mwanangu, siyo nailoni yake."

Jamani, Mama.

Daktari ameutazama, akatikisa kichwa. Neema ameshaingizwa ndani.

Anayejua wapi Dodoma hii naweza kupata mwingine, anipigie sasa hivi. Nawasihi.

Kama hujui, usiniandikie "tunawaombea".

Tumeshaombewa.