Fundi Dakika na Marufuku ya Machungwa

Kwenye kibanda cha Fundi Dakika machungwa yalikuwa marufuku kwa miaka thelathini na tano. Si machungwa tu: malimau, mapera, mananasi, chochote chenye uchachu. Tone moja likidondokea kwenye saa, alisema, shaba inashika kutu ya kijani na mteja analeta kesi. Mkewe, aliyempelekea chakula kila mchana, aliwahi kujisahau akafungasha chungwa lililomenywa. Likarudi nyumbani limefungwa mifuko mitatu, utadhani bomu. Hata nyumbani hakuyagusa, eti harufu ya maganda inabaki kwenye kucha. Mbishi wa kutupwa, lakini saa alizijua.

Sasa, akiwa na miaka sitini na moja, akagombana na kioo chake. Ni kile kioo kidogo cha kukuzia ambacho mafundi saa hukibana jichoni, na yeye alikibana jicho la kulia tangu ujanani. Kilianza kuonyesha ukungu. Akakisafisha kwa spiriti, ukungu ukabaki. Akanunua kingine, kesho yake akakirudisha dukani na kumwambia muuzaji kwamba amemuuzia kitako cha chupa ya soda. Alikuwa anakitukana cha tatu mkewe alipoingia na chakula.

"Baba watoto, vioo vitatu, vyote vibovu?"

"Siku hizi wanatengeneza takataka tupu."

"Hebu kiweke jicho la kushoto."

Akakiweka ili tu aachwe apumue. Springi nyembamba kama unywele ikajitokeza mbele yake, mzunguko baada ya mzunguko, safi kabisa. Mtu aliyeweza kuutaja ugonjwa wa saa kwa kuisikiliza tu, alikuwa amekagua kila kitu pale mezani isipokuwa jicho lake mwenyewe. Hofu ikamshika, maana jicho la kulia ndilo lililowalisha wote nyumbani.

Daktari wa macho, mama mmoja asiye na haraka, alimwekesha kidevu kwenye kibao, akammulika, kisha akamgeuzia skrini. Mkewe alikuwa kwenye kiti cha nyuma.

"Hili ndilo jicho lako, mzee. Hapa nyuma ya mboni kuna lenzi. Imeingia weupe. Ni mtoto wa jicho."

Fundi Dakika akaisogelea ile skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa. Hakuwahi kuona kifaa kilichopangwa vizuri namna ile. Hakikuwa na skrubu wala gundi. "Mshipa wake wa damu uko wapi?" akauliza.

"Haina hata mmoja. Damu ingezuia mwanga. Inalishwa na maji yaliyo mbele yake, na humo jicho limerundika vitamini C karibu mara ishirini ya ile iliyo kwenye damu. Mwanga unaingia kutwa, unaleta uharibifu wake, na ile vitamini inatangulia kuupokea ili lenzi isiguswe."

"Mara ishirini! Na jicho linaitoa wapi?"

"Linaivuta kwenye damu, na damu inaipata kwenye chakula. Mwili wetu hauwezi kuitengeneza. Mapera, machungwa..."

Kule nyuma mkewe akakohoa. Hakuwa na mafua.

Fundi Dakika hakugeuka. Nywele za mikono zilikuwa zimemsimama. Kitu alichokifukuza mlangoni kwake miaka yote hiyo kilikuwa kinalinda zamu ndani ya jicho lake, mahali pasipofika hata damu.

"Basi nikiyala sasa, ukungu utaondoka?"

"Hapana, mzee. Chakula kinasaidia kulinda, hakisafishi kilichokwisha kuchafuka. Wala siwezi kukuapia kwamba ungeyala usingepata hili. Umri upo, jua lipo. Dawa yake ni upasuaji, tukuwekee lenzi nyingine."

Kisu, tena kwenye jicho la kazi! Likiharibika, kibanda kinafungwa. Fundi Dakika alikaa wiki mbili akijidai ana saa nyingi za kumaliza, mpaka siku aliyodondosha gurudumu dogo akashindwa kuliona likiwa kwenye kiganja chake mwenyewe. Siku hiyohiyo akaenda kuandikisha jina.

Asubuhi ya pili baada ya upasuaji daktari akambandua bandeji. Ukuta ulikuwa mweupe, mweupe wa kumtia mtu woga. Akaliziba jicho la kulia: ukuta ukawa rangi ya chai ya maziwa. Akaliziba la kushoto: mweupe tena. Akamgeukia mkewe.

"Kumbe gauni lako ni la bluu!"

"Mwaka mzima unabisha ni la kijani."

Fundi mwaminifu humkabidhi mteja kifaa kibovu alichokitoa, kimefungwa kwenye karatasi, ajue hakuibiwa. Kwa hiyo akanyoosha mkono. "Daktari, ile lenzi yangu ya zamani iko wapi?"

Daktari akacheka. "Tuliivunjavunja tukaifyonza, mzee. Hakuna kilichobaki."

Yeye hakucheka. "Miaka sitini na moja," alisema. "Haikufunguliwa, haikutiwa mafuta, haikusimama hata siku moja. Sikujua kama ipo mpaka ilipokufa." Akamtazama daktari. "Na ya kushoto?"

"Ipo. Inafanya kazi sasa hivi."

Akaliwekea kiganja jicho la kushoto, polepole, bila kulibonyeza.

"Pole na kazi," akaliambia.