Mistari Miwili ya Mjukuu Wangu

Shida zangu zilianza mwaka wa 2021, nikiwa na miaka sitini na sita. Njaa na baridi ya Molo nilizijua tangu utotoni, lakini hizo nilizishinda. Niliachia shule darasa la tatu, nikabeba magunia ya viazi vya watu mpaka nikapanda vyangu.

Mwaka huo mke wa kijana wangu, akiwa na mimba, alipimwa kliniki akapatikana na virusi vya ukimwi. Alianzishiwa dawa, akazimeza kila siku. Akazaa mwanamume. Kwetu kifungua mimba wa kiume huitwa jina la baba ya baba yake, kwa hivyo huyo alikuwa wa jina langu. Akiwa na wiki sita alidungwa kisigino, damu ikapelekwa Nakuru. Majibu yakasema hana virusi.

Mimi siamini karatasi nisiyoweza kusoma. Alipofika miezi mitano, mama yake akiwa shambani, nilimbeba mpaka duka la dawa, nikasema apimwe nikiona. Kipimo kikatoa mistari miwili, na mwenye duka akasema hiyo ni alama ya ukimwi. Nilirudi nikamwambia mama yake asimpe mtoto wa kuzikwa jina langu. Ndivyo nilivyosema. Hakulia. Alimfunga mgongoni akaenda kliniki, nami nikamfuata, niko tayari kwa vita.

Muuguzi wa kliniki alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Mzee, wewe ulipima mama."

"Nilipima mtoto."

"Damu ni ya mtoto, kinga ni ya mama. Mwili wa mama hutengeneza kinga ukipigana na virusi, na mtoto huzaliwa nayo. Kipimo chako huona kinga tu. Cha kisigino kilitafuta virusi vyenyewe, hakikupata. Hiyo kinga itapungua polepole. Mlete akiwa na miezi kumi na nane. Na mama aendelee kumnyonyesha na kumeza dawa."

Nilingoja miezi kumi na mitatu, nikimwita "mtoto" tu, na Jumapili waliyompeleka kanisani nilikataa kwenda. Kila kikohozi cha huyo mtoto kilinitoa jasho. Nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka na magunia.

Siku ya kupimwa ukatoka mstari mmoja. Hapo hapo kwa benchi nikamwambia mama yake sasa ampe jina langu.

"Baba, alibatizwa ile Jumapili ulikataa kuja," akasema. "Ana jina la baba yangu."



Leo nina ekari tatu za viazi, ng'ombe wanne wa maziwa, nyumba ya mawe, tangi la maji, na mjukuu wa miaka minne, mzima, anayeitwa jina la mzee mwingine.