Jivu Kwenye Sauti za Mama

Mama alipofariki Tanga, sauti alizokuwa akinirekodia kwa simu zilibaki kwenye kompyuta yangu tu, hapa Perry Barr, Birmingham. Simu niliyozipokelea ilikwisha kufa; yake ilifutwa ikagawiwa pamoja na nguo zake, kama ilivyo desturi. Zilijaa kelele: jogoo, jenereta ya jirani. Nilitaka kuzisafisha kabla ya arobaini, ndugu wote wamsikie vizuri. Kompyuta ilikuwa kongwe, basi nikainunulia prosesa mpya na kuifunga mwenyewe sebuleni.

Kabla sijairudishia vijiti vya kumbukumbu, yaani RAM, na kifuniko, nikaenda kutawadha. Dada yangu, ninayeishi naye, ana lake: kitu kipya hakikai nyumbani bila kufukizwa. Viatu, pazia, hata kiti cha gari. Akapitisha chetezo cha udi juu ya kompyuta iliyo wazi, akiombea husda iondoke. Sijui nani Birmingham angelihusudu kopo lile.

Nilipoiwasha, iliona nusu tu ya kumbukumbu yake. Ilinipasa nisimame hapo. Haraka haraka haina baraka, nimeambiwa tangu utotoni, lakini nikaiagiza isafishe sauti zote kwa mpigo, kila moja ihifadhiwe juu ya ile ya zamani. Ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, ikaendelea, ikaganda tena. Ndipo nikachomoa vijiti vya RAM, nikakuta jivu limejaa kwenye matundu yake.

"Dada, umeiua!"

"Mie? Nimeifukiza tu iwe safe! Si ungeicheck kwanza?"

Nilikasirika. Nikapangusa matundu kwa brashi, nikasugua vijiti kwa kifutio, nikajaribu kimoja kimoja. Kumbukumbu ikarudi yote, mashine ikatulia, nami nikafurahi kama mjinga. Kumbe sauti zote ilizozihifadhi ilipokuwa mgonjwa zilikwisha kuharibika. Mama anasema "Mwanangu," halafu ni mkwaruzo mpaka mwisho. Nikafungua nyingine, na nyingine. Zote.

Dada akaja akaketi karibu yangu, hasira zimemwisha, akasikiliza mkwaruzo ule kwa adabu.

"Hapa alikuwa anakwambia nini?"

Sauti zile zilipokuwa zikiingia kwenye simu, nilizisikiliza nusunusu nikiwa kazini, nikisema nitazirudia. Na siku hizi zote nilikuwa namsikiliza jogoo, nikitafuta pa kumkata kwenye rekodi, si maneno ya Mama.

"Sijui," nikamjibu.