Mkwe Anataka Kupanda Kilima

Kilichomponza Cheah Guat Sim ni simu. Ukikaa naye ana kwa ana, mama huyu hupima maneno yake. Amewafundisha wasichana wa kisiwa cha Penang mpaka akastaafu, na marehemu mumewe, Lim Teik Soon, alikuwa mwalimu mkuu ambaye hata wale aliowachapa humtaja kwa heshima. Lakini mpe simu, na mtu wa upande wa pili awe anajigamba, ulimi wake hupata mbio.

Siku hiyo upande wa pili alikuwapo Leong Yoke Lan wa Ipoh, mji wa huko bara. Binti yake, Sook Mun, ndiye aliyechumbiwa na Kean Huat, mtoto pekee wa Guat Sim. Wakwe hawa walikuwa hawajaonana bado. Yoke Lan alikuwa ameshayasifu mapango ya Ipoh, akaingia kwenye maji ya Ipoh, akaja kwenye kuku wa kuchemsha wa Ipoh, ambaye kwa maelezo yake hana mwenzake duniani. Akamalizia kwa kusema kwamba amesikia huko Penang kuna kitreni cha kupandia mlimani, ila bila shaka ni cha watalii.

"Watalii?" akasema Guat Sim. "Mkwe, nyumba yetu iko chini ya kilima hichohicho. Treni ile tunaipanda kama nyinyi mnavyokwenda sokoni. Marehemu hakuweza kupitisha Jumapili bila kwenda kunywa chai kule juu."

"Vizuri sana," akajibu Yoke Lan. "Mwezi ujao tunakuja kupanga siku ya harusi. Utatupandisha wewe mwenyewe."

Guat Sim akaweka simu chini, akaitazama kana kwamba yenyewe ndiyo iliyosema.

Habari za marehemu na chai yake zilikuwa za kweli. Teik Soon alipanda kila Jumapili, tena peke yake. Guat Sim alipanda mara moja tu maishani mwake, wakiwa wachumba, enzi za mabehewa ya mbao, wakati abiria walibadilisha treni katikati ya safari. Walipofika hapo katikati alishuka, akakataa kupanda nyingine, akarudi nyumbani kwa miguu akiwa na viatu vya kisigino, mchumba wake nyuma akimbebea mkoba. Tangu hapo kila Jumapili ilimkuta na shughuli. Mara magoti, mara madaftari ya wanafunzi. Mabehewa ya mbao yakaondolewa, ikaja treni mpya ya vioo, ya kasi, inayopanda moja kwa moja mpaka kileleni. Guat Sim alisikia sifa zake akamshukuru Mungu kwamba hazimhusu.

Wala hakuwa peke yake. Hapo mtaani kwao, Air Itam, wako watu waliozaliwa, wakaoa na kuzeeka chini ya kilima bila kukikanyaga. Wanakiona kila asubuhi wakianika nguo, na hiyo inawatosha. Tofauti ni kwamba wao hawakumwambia mtu wa Ipoh kwamba wanakwenda kila wiki.

Alasiri ile alimweleza wifi yake, Lim Bee Choo, dada mkubwa wa marehemu, ambaye huja kila siku kunywa chai na kuilalamikia. Bee Choo alicheka mpaka akavua miwani.

"Cheka tu," akasema Guat Sim. "Akijua, Ipoh nzima itaambiwa kwamba akina Lim ni watu wa maneno matupu. Na mwanangu ndiye anayeingia huko kuoa."

"Sasa utafanyaje?"

"Nimeshapanga. Siku hiyo nyinyi mtapanda. Mimi nitabaki chini kushika meza."

Hilo halikuwa jambo la kijinga. Penye laksa nzuri ya Air Itam, zile tambi za mchuzi wa samaki, huwezi kufika na wageni ukategemea kupata viti. Lazima mtu mmoja atangulie, akae, aweke mwavuli kwenye kiti kimoja na mkoba kwenye kingine, akodolewe macho na wenye njaa mpaka wenzake watokee. Wako wazee ambao katika ukoo wao hawana kazi nyingine.

"Mama wa bwana harusi ashike meza," akasema Bee Choo, "halafu mkwe apandishwe na nani? Na paka?"

"Na wewe. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo."

"Mimi nimealikwa, wifi. Mwenyeji ni wewe. Halafu unajua mgeni wa heshima hukaa wapi."

Guat Sim alijua. Mgeni wa heshima hukaa mwisho kabisa wa behewa, upande wa chini, penye kioo kikubwa, aione nchi ikididimia kadiri treni inavyopanda. Mwenyeji hukaa ubavuni mwake kumwonyesha hiki na kile. Kumwacha mkwe akae pale na watu baki ni sawa na kumwambia arudi kwao.

Akapendekeza waende msimu wa mvua. Bee Choo akamwambia wageni wataona wingu tupu. Guat Sim akasema wingu nalo ni zuri, lina utulivu. Akapendekeza hekalu badala ya kilima. Jioni Kean Huat akarudi kutoka kazini, akamaliza mjadala kabla hajavua viatu.

"Mama, tiketi nimeshakata. Sook Mun anasema mamake anawaringia majirani kwamba utakaa naye pale kwenye kioo. Amenunua na kofia."

Ikabaki njia moja, kufanya mazoezi. Asubuhi ya Jumanne, watu wakiwa wachache, mawifi wawili walikwenda stesheni ya chini. Guat Sim alivaa kana kwamba anakwenda kwenye ukaguzi wa shule. Treni ya kwanza ikaja, akasema imejaa. Ya pili ilikuwa tupu, akasema utupu wake haumpendezi. Wakaketi kwenye benchi, akawa anaitazama ikiteremka, imening'inia kwenye kamba yake ya chuma.

"Mbona inashuka kama iliyosahau kitu nyumbani?" akauliza.

"Ndivyo inavyoshuka." Bee Choo akaipigapiga mbao ya benchi. "Mdogo wangu alikuwa akikaa benchi hii. Aliwahi kuniambia chai ya kule juu haina utamu ukiinywa peke yako."

Guat Sim akageuka. "Alisema hivyo?"

"Alisema. Lakini naye alikuwa mlalamishi, unamjua."

Guat Sim akasimama, akaenda mpaka kwenye mlango wa behewa, akaweka mguu mmoja ndani. Akahesabu watu, akatazama dari, akautoa mguu wake.

"Mwambie ukweli mkwe wako," akasema Bee Choo walipokuwa wakirudi.

"Nimwambie kwamba wajane wa akina Lim ni waongo?"

"Mjane ni mmoja. Usituingize sisi wengine."

Siku ikafika. Yoke Lan alishuka kwenye gari la Kean Huat akiwa mfupi, mnene, chini ya kofia iliyowafunika yeye na nusu ya binti yake. Kwanza wakala laksa. Bee Choo ndiye aliyeshika meza, naye aliishika kama askari. Yoke Lan alionja mchuzi, akafikiri, akasema, "Si mbaya. Kwetu mtoto anayejifunza kupika angeanzia hapa." Guat Sim alijikaza kisabuni, akamwongezea samaki.

Kwenye foleni Yoke Lan alikuwa akiwaeleza watu wasiomjua kwamba huyu hapa ni mkwe wake na kwamba ukoo wake hupanda kila Jumapili. "Tuongoze, mwenyeji," akasema mlango ulipofunguliwa. Watu walikuwa nyuma, mwanawe kando, mkwe mbele. Guat Sim akaingia. Akateremka ngazi za behewa mpaka mwisho, akakaa kwenye kioo, mikono mapajani. Yoke Lan akabanana naye. Kean Huat na Sook Mun wakakaa na Bee Choo nyuma yao.

Treni ikavuta. Guat Sim akafumba macho.

"Mkwe," akasema Yoke Lan baada ya muda. "Umelala?"

Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema jua, au kichwa. Lakini treni ilikuwa ikizidi kuinama, na kwenye hali hiyo hata mwalimu hakumbuki uongo ulio nadhifu.

"Naogopa," akasema polepole. "Nilikudanganya, mkwe. Aliyekuwa akipanda ni marehemu. Mimi nilipanda mara moja, nikaishia katikati, nikarudi kwa miguu. Huko juu sikujui."

Yoke Lan aliirekebisha kofia yake taratibu, hata Guat Sim akaanza kuisikia Ipoh ikicheka, nyumba kwa nyumba.

"Aa," akasema Yoke Lan. "Basi fumba tu. Mimi nitakusimulia." Akasogea kwenye kioo. "Naona miti. Ya kawaida. Naona magorofa, machafumachafu hivi. Nyuma yake naona kamto."

"Hakuna mto huko," akasema Guat Sim, macho bado yamefumbwa.

"Upo. Mdogo tu, una vimashua. Halafu naona na kilima kingine, lakini hiki chenu na kile mimi naviita vichuguu. Kwetu vilima ni vya mawe."

"Mkwe, huo mto wako ni bahari."

"Bahari gani nyembamba hivi? Na daraja lake fupi, mtu akipiga chafya ameshavuka."

Hapo Guat Sim akafumbua macho. Dunia ilikuwa imelala chini yake, kubwa, angavu, imeinama upande, na nusura ayafumbe tena. Lakini kidole kilikuwa kimeshanyooka.

"Fupi lipi? Litazame lilipoanzia. Kule, mwisho wa majengo meupe. Sasa lifuate mpaka ng'ambo. Gari huchukua muda, na hapo hakuna foleni. Na lingine refu zaidi liko kule kusini, kama kofia yako itakuruhusu kuliona."

"Lile jeusi?"

"Hilo ni bomba la mvua la nyumba ya mtu, mkwe. Vaa miwani."

Kean Huat alimtazama mchumba wake, mchumba akatazama dari. Guat Sim alikuwa ameegemea kioo kwa kiganja kizima, akieleza habari za bandari na zama zake, kwa sauti ileile iliyowahi kuwanyamazisha wasichana arobaini. Yoke Lan alimsikiliza huku kofia ikimficha uso, akitupia swali la kijinga kila maelezo yalipoelekea kuisha. Siku ya harusi waliipanga humohumo, katikati ya ubishi juu ya kisiwa kidogo ambacho Yoke Lan alishikilia kuwa ni meli.

Juu milango ilipofunguka, abiria wote walishuka wakabaki wao. Mhudumu alikuja mara mbili kuwaomba washuke. Mara zote mbili Guat Sim alimwomba asubiri, kwa kuwa mgeni wake alikuwa bado hajakubali kwamba kile ni kisiwa.